Kivuli cha Atuganile

Asubuhi ambayo wawekezaji wa Mfuko wa Ukingo walipangiwa kutia saini, Atuganile Mwasomola alianguka kwenye ngazi za kiwanda, mwavuli ukiwa bado mkononi.

Waliomwona walidhani ameteleza, maana mvua ya Tukuyu ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na zege lilikuwa na utelezi. Gwakisa, fundi mkuu, ndiye aliyemfikia kwanza. Alipomwinua aliona mdomo umepinda upande mmoja na mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Atuganile alijaribu kusema kitu. Kilichotoka hakikuwa neno.

Tupokigwe, mwenye kampuni, alikuwa ofisini anavaa viatu vya kupokelea wageni. Alitoka na kiatu kimoja, akapiga magoti kwenye maji, akamshika yule mama shavu. "Dada, niko hapa. Gari linakuja." Hakujua kama alisikia. Gari lilikuja, Atuganile akapakiwa, na mumewe akapigiwa simu awahi hospitali ya mjini.

Gari lilipokata kona, Gwakisa alimsogelea Tupokigwe na kusema kwa sauti ya chini, "Dada Tupo, alikuwa hajakiamsha."

Tupokigwe alielewa. Alirudi ndani, akatafuta kiatu chake cha pili.

Jengo lile zamani lilikuwa kiwanda cha chai. Katika kumbi za ghorofani, ambamo majani yalikuwa yakinyaushwa kwa upepo wa mlimani, sasa kompyuta zilisimama safu kwa safu, zikila umeme wa mvuke uliochimbwa chini ya Mlima Rungwe na zikipozwa na upepo uleule wa zamani. Tupokigwe, mtoto wa wachuma chai, alilikodi jengo likiwa makazi ya popo. Akaanzisha humo kampuni aliyoiita Sikio. Sasa ilikuwa na mamia ya watu. Vijana waliokwenda Dar es Salaam walikuwa wakirudi, na kupata chumba cha kupanga Tukuyu ilikuwa kazi. Nyuma ya kiwanda, nguzo za chuma za jengo jipya zilikuwa zimeshasimama, zikingoja mtaji wa Mfuko wa Ukingo.

Biashara yao ilikuwa vivuli. Mtu mwenye ujuzi wake alivaa kidude sikioni na kingine kifuani, akaendelea na kazi kwa miaka miwili mitatu, na mtambo ukajifunza kwake. Haukujifunza anachokijua tu. Ulijifunza anavyoamua: kipi kinamshtua, kipi anakipuuza, lini anangoja na lini hangoji. Kivuli kikishakomaa kilikodishwa popote duniani, na mwenyewe akalipwa kwa kila siku kilipofanya kazi.

Juu ya hayo yote kulikuwa na ahadi moja. Kila asubuhi, mwenye kivuli ndiye aliyekiamsha, kwa sauti yake. Siku asipotaka, hakiamki. Siku asipoweza, angeweza kukiamsha mtu mmoja tu, yule aliyemtaja mwenyewe alipojiunga, naye pia kwa sauti yake, Tupokigwe akiwa shahidi. Maneno hayo Tupokigwe aliyasema siku za mwanzo, amesimama juu ya kreti uwanjani, mbele ya watu wachache wenye mashaka. Atuganile alikuwa mmoja wao. Mkunga tangu ujanani, aliuliza swali moja tu siku ile: "Na wewe je, utaweza kukiamsha?" Tupokigwe akasema hapana. "Basi nivalisheni," akasema Atuganile.

Kivuli chake kilisikiliza mioyo ya watoto walio tumboni, katika zahanati za Tanzania, Malawi na Zambia. Hakuna kivuli kilichoombwa kama hicho. Mtu wa Mfuko wa Ukingo alikuwa amesafiri kutoka Nairobi hasa kwa ajili yake.

*

Mtu huyo aliitwa Gathoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu. Aliposikia yaliyotokea alifunga kompyuta yake. "Pole sana. Saini inaweza kungoja. Mgonjwa kwanza."

Tupokigwe alimshukuru. Walikuwa bado wamesimama pale mlangoni Gwakisa alipoingia na simu mkononi, sauti ikiwa imefunguliwa wote wasikie.

"Ni zahanati ya Kalanga, ng'ambo ya Tunduma, upande wa Zambia. Mkunga wao, Dada Nanyangwe."

"Dada Tupo," ilisema sauti simuni, ikihema. "Nina mama hapa wa mapacha. Wa kwanza ametoka salama. Wa pili amekingama, kichwa ubavuni. Daraja limechukuliwa na maji, siwezi kumpeleka popote. Namwita Atuganile, mtambo unaniambia amelala. Mbona amelala saa hizi?"

Tupokigwe aliisogelea simu. "Atuganile ameugua, dada. Yuko hospitali. Vivuli vya wakunga wetu wengine wawili viko macho. Chukua mmoja wao."

"Nimewachukua. Wote wawili wananiambia nimpeleke hospitali. Hospitali nitafikaje? Mtoto huyu inabidi ageuzwe kutoka nje, kwa mikono, na mimi sijawahi kumgeuza bila mtu wa kuniambia moyo wake unasemaje. Nikikosea namuua."

"Nipe muda kidogo," alisema Tupokigwe. "Usikate simu."

Gwakisa alimtazama, kisha akatazama sakafu. "Ninaweza kukivunja, kiamke bila sauti ya mwenyewe," alisema. "Sijawahi, lakini najua njia. Nikianza sasa, kwa nusu saa kitakuwa macho."

Gathoni alisema, "Sikiza, Tupokigwe. Sisemi haya kwa sababu ya pesa. Kuna mtoto. Kivunje leo, halafu mtaongea baadaye na familia. Hakuna mtu timamu atakayekulaumu."

"Hakuna," alikubali Tupokigwe. "Ndiyo maana ni hatari."

"Sielewi."

"Leo nitakivunja kwa ajili ya mtoto na watu watanipongeza. Kesho kutakuwa na mgodi unaovuja gesi, keshokutwa mteja mkubwa mwenye haraka. Kila mara sababu itakuwa nzuri. Ghorofani kuna watu wamenipa akili zao kwa sababu niliwaambia mlango huu hauna ufunguo wa pembeni." Alikuwa tayari anachukua koti. "Yupo mtu mwenye haki ya kukiamsha. Naenda kumwomba. Gwakisa, niunganishe na Kalanga kwenye simu yangu, na mtambo ukae tayari."

"Akikataa?" aliuliza Gathoni.

Tupokigwe alisimama mlangoni kidogo. "Sijui," alisema, akatoka.

*

Hospitali haikuwa mbali, lakini barabara ilikuwa tope na gari liliserereka mara mbili kwenye mteremko. Njia nzima alimsikia Nanyangwe simuni akimtuliza yule mzazi kwa Kinamwanga. Tupokigwe alishika usukani kwa mikono miwili. Alijua akichelewa, kosa litakuwa lake na si la mvua.

Ambakisye, mume wa Atuganile, alikuwa ameketi kando ya kitanda, kofia imelala magotini. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, mtu mrefu, mwenye sauti nzito ambayo kwa kawaida ilimtangulia popote alipokwenda. Leo aliongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Hakumtazama. "Daktari anasema ni damu kichwani. Dawa wamempa. Huenda atarudi, huenda nusu. Anasikia, wanasema. Mimi sijui kama anasikia."

Atuganile alilala macho yamefumba, kifua kikipanda na kushuka. Tupokigwe alimgusa mguu juu ya blanketi. Kisha akasema lililomleta, bila kulizungusha, kwa sababu hakukuwa na muda na kwa sababu hakutaka kulipamba. Alieleza habari za Kalanga, pacha wa pili, daraja. Akamwambia kwamba yeye, Ambakisye, ndiye mtu ambaye mkewe alimtaja.

Ambakisye alipojibu, sauti ilikuwa ileile ya chini, lakini imekauka.

"Mke wangu amelala hapa, hawezi hata kuniita jina. Nanyi mnataka afanye kazi?"

"Ndiyo, shemeji. Ndicho ninachokuomba."

"Wageni wako wa Nairobi wako ofisini?"

"Yupo mmoja."

"Hiki ndicho kivuli wanachokitaka."

"Ndicho. Lakini sikuja kwa ajili yao. Siwezi kukuthibitishia, utaniamini au hutaniamini."

Aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Huyo fundi wako, Gwakisa. Hawezi kukifungua bila mimi?"

Tupokigwe angeweza kusema hawezi. "Anaweza," alisema. "Si kwa kukifungua, kwa kukivunja. Amenieleza leo hii."

"Mbona hamjavunja? Kuna mtoto anakufa."

"Kwa sababu nilimwambia mkeo sitaweza kukiamsha. Nikivunja, nitakuwa nilimdanganya tangu siku ile ya kwanza."

Simu iliyokuwa mkononi mwake ikatoa sauti ya Nanyangwe: "Dada Tupo, bado upo? Uchungu umerudi." Nyuma yake mwanamke alilia, kilio kifupi kilichokatwa na meno.

Ambakisye alifumba macho. Kisha aliinama sikioni mwa mkewe, akamwambia maneno marefu kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anayemweleza habari za nyumbani. Walingoja. Atuganile hakutikisa kope. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mkononi mwa mumewe na haukubana chochote. Lolote ambalo lingeamuliwa, lingekuwa juu ya Ambakisye peke yake.

"Najua angesema nini," alisema hatimaye. "Ndiyo maana nina hasira. Hata hapa alipolala hamniachii nafasi ya kuwa mbinafsi." Alijifuta uso kwa kofia. "Mtoto huyu mmoja. Akishazaliwa, kilale. Kilale mpaka mke wangu mwenyewe akiamshe, na kama hataweza tena, kisiamke kamwe. Nisikie unakubali."

Kivuli hicho ndicho kilichokuwa kimezibeba nguzo zote zile za chuma nyuma ya kiwanda. Tupokigwe alijua hivyo.

"Nakubali," alisema.

Ambakisye alichukua simu, akataja jina lake kamili, kisha jina kamili la mkewe, akakiambia kivuli kiamke.

*

Nanyangwe alikuwa ameshikilia juu ya tumbo la yule mama kile kidude ambacho wakunga wanakiita kisahani, duara la chuma na mpira lisilozidi kiganja. Kisahani kilichukua mapigo ya moyo wa mtoto na kuyarusha Tukuyu, na kutoka Tukuyu jibu lilirudi sikioni mwa mkunga. Sauti ya kivuli haikuwa ya Atuganile. Alikataa tangu mwanzo. Alisema sauti yake ni ya wanawe. Ilikuwa sauti ya kati tu, isiyo ya mtu yeyote.

Simu ililala juu ya blanketi, nao wakasikia kila kitu.

Kwanza palikuwa kimya, hata Tupokigwe akadhani mtambo umekwama. Kisha sauti ikasema, "Haya."

Ambakisye alishtuka. "Hiyo 'haya' ni yake," alinong'ona. "Anavyoivuta hivyo. Akishaamua jambo."

"Moyo ni mzuri," ilisema sauti. "Amechoka, hajakata tamaa. Weka mkono mmoja kichwani, mmoja matakoni. Uchungu ukipita, ndipo usukume. Sasa bado. Bado. Sukuma."

Walisikia pumzi ya Nanyangwe. Mapigo yalikuwa yakisikika nyuma, ya haraka, kama vidole vinavyogonga meza. Yakaanza kulegea.

"Acha," ilisema sauti. "Ondoa mikono. Mwache apumue."

Mapigo yalizidi kulegea. Nanyangwe aliuliza kitu kwa hofu. Sauti haikumjibu. Ilingoja, na katika kungoja kule Tupokigwe alielewa kile ambacho vivuli vile viwili vingine havikuwa nacho. Vilijua kila kitu ambacho wakunga hujua. Havikujua kukaa na woga bila kuukimbia. Mapigo yakarudi, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa nguvu.

"Haya. Tena. Mzungushie kule anakotaka kwenda mwenyewe. Usishindane naye. Sukuma."

Ikawa hivyo, kusukuma na kuacha, kusukuma na kuacha, muda ambao Tupokigwe hakuweza kuupima. Ambakisye aliinuka, akaenda dirishani, akasimama akiwapa mgongo huku mvua ikitiririka kwenye kioo. Kisha Nanyangwe akapiga kelele kwamba kichwa kimeshuka, kimekaa njiani. Sauti ile isiyo ya mtu ikamwambia mzazi, "Sasa wewe, mama. Sisi kazi yetu imekwisha."

Mtoto hakulia mara moja. Walisikia Nanyangwe akimsugua, akimwita. Kisha kilio kikaja, chembamba, cha hasira.

"Ni wa kiume," alisema Nanyangwe, akicheka na kulia. "Wote wawili wa kiume. Atuganile, asante. Asante, mama."

Ambakisye alirudi kitandani, akachukua simu, akampa Tupokigwe.

Tupokigwe alipiga ofisini palepale, mbele yake. "Gwakisa. Kilaze."

"Dada, kuna zahanati nyingine zinakiita. Zimeona kiko macho. Moja iko—"

"Usinitajie," alisema Tupokigwe. "Nikijua jina lao sitaweza. Wape wale wakunga wawili. Kilaze sasa, na uniambie kimelala."

"Kimelala," alisema Gwakisa.

*

Gathoni alikuwa akimngoja chini ya paa la maegesho ya kiwanda. Alikuwa amesikia yote kupitia kwa Gwakisa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi," alisema, "na sijawahi kuona kitu kama kile. Sasa nisaidie nielewe. Umekilaza."

"Nimekilaza."

"Nimeongea na wenzangu Nairobi. Wako tayari kutia saini leo, na kwa masharti mazuri kuliko ya jana. Matibabu ya Atuganile, popote duniani, juu yetu. Familia itunzwe. Tunachoomba ni kivuli kiwe macho wakati anapona. Mume wake anaweza kuombwa tena, kesho, akiwa ametulia."

"Mume wake ameshasema."

"Alisema akiwa na uchungu."

"Na alikubali akiwa na uchungu. Siwezi kuchukua moja nikaacha jingine."

Gathoni alishusha pumzi. Hakuwa mtu wa kushinda kwa kelele. "Wanawake watajifungua kesho, Tupokigwe. Na keshokutwa. Baadhi yao watampoteza mtoto ambaye kivuli kile kingemwokoa. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Nitalala nalo." Alikuwa amelowa, na baridi ilikuwa imeanza kumwingia. "Lakini angalia unachoniomba. Mnataka kampuni ambayo mtu akianguka kwenye ngazi, kazi haisimami. Nikiijenga hiyo, siku moja mtu ataanguka na hakuna atakayetoka nje kumwinua, kwa sababu hakuna atakayekuwa na haja naye. Mimi nimezaliwa na watu waliochuma chai mpaka mikono ikakauka, na aliyeanguka shambani alibadilishwa kabla ya jioni. Sikukodi jengo hili kuendeleza hayo."

"Bila kivuli hicho, Mfuko hautaingia," alisema Gathoni kwa upole. "Nitakutetea, lakini najua watakavyosema."

"Waambie ulichokiona leo. Kama hawataki, tutakua polepole."

Gathoni alimpa mkono, akaushika kwa muda mrefu kuliko desturi, kisha akaenda kufungasha vitu vyake. Siku chache baadaye jibu lilikuja kutoka Nairobi, na lilikuwa kama alivyosema.

*

Tupokigwe hakungoja barua zizunguke. Aliwaita wafanyakazi wote kwenye ukumbi wa chini, akawaambia kwa mdomo wake: mtaji haupo, ujenzi wa jengo jipya utasimama hapohapo, walioahidiwa kazi watangoja. Akaeleza na sababu.

Mzee mmoja aliyekuwa mhandisi wa mabwawa, ambaye kivuli chake kililinda mito miwili Msumbiji, aliinuka, akasema ameridhika, na kesho atakuja kazini. Wengine waliitikia kwa vichwa. Wengine hawakuitikia. Kijana wa mauzo alitoka na hakurudi tena, na Tupokigwe hakumlaumu.

Kisha akainuka Subilaga, mmoja wa wale wakunga wawili. "Dada Tupo, mimi nina swali. Kivuli changu ndicho kilichomwambia yule mama wa Kalanga aende hospitali wakati hakuna daraja. Sasa Kalanga wamebaki na mimi. Watafanyaje?"

Ukumbi mzima ulimgeukia Tupokigwe. Alikuwa ameliwaza swali lilelile tangu hospitali, na hakuwa amelala sawasawa tangu hapo.

"Kivuli cha Atuganile kimegeuza watoto wengi," alisema. "Kila aliyegeuzwa, kumbukumbu za mapigo yake tunazo, na ni za zahanati zenyewe, si zetu wala si za Atuganile. Tunaweza kuzisikiliza kwa masikio yetu. Wewe na mwenzako, na Nanyangwe, na kila mkunga anayetaka. Kama mtambo uliweza kujifunza kungoja, binadamu hawezi?"

"Itachukua muda," alisema Subilaga.

"Itachukua. Utakwenda nazo Kalanga?"

Subilaga aliwatazama wenzake, kisha akamtazama yeye. "Nitakwenda. Lakini wewe utaendesha gari. Mimi barabara ile siiwezi."

Mvua ilipopungua na daraja likatengenezwa, walipakia visahani, spika na mablanketi kwenye gari la kampuni. Tupokigwe alipita hospitali kwanza. Atuganile alikuwa ameketi, mto mgongoni, Ambakisye akimlisha uji. Macho yake yalikuwa wazi, na aliyatuliza juu ya Tupokigwe alipokuwa akielezwa wanakokwenda. Alifungua mdomo, akahangaika nao, akaacha. Ambakisye alimfuta kidevu. "Anajifunza," alisema. "Kila siku kidogo. Nendeni."

Kabla ya kuwasha gari, Tupokigwe alimpigia Nanyangwe simu kumwambia wako njiani. Nyuma ya sauti yake watoto wawili walikuwa wakilia kwa kupokezana.

"Mama yao amekuja kliniki," alisema Nanyangwe. "Kwa hiyo mnakuja kweli. Mtakaa siku ngapi? Niwaandalie mahali pa kulala."

"Andaa," alisema Tupokigwe. "Tutakaa mpaka mtufukuze."